Ndege Aliyevaa Saa

Kabla hujaletewa habari hii na watu wa sokoni, ipokee kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyeaibika na naona nina haki ya kusimulia kwanza. Garissa mjini wanasema nilimpiga mzee wa watu picha akiwa uchi, na hilo si kweli, hakuwa uchi na picha sikupiga mimi. Kule Bura nasikia wanasema nilimkimbiza mzee ndani ya maji nikidhani ni mamba. Hilo pia si kweli. Kilichotokea ni kidogo kuliko hayo yote, na kwa bahati mbaya kinatia aibu zaidi, ndiyo maana kwa muda mrefu nimekaa kimya watu wakiongeza chumvi wanavyotaka.

Naitwa Fardosa, na kazi yangu ni kutembeza wageni wanaokuja kutazama ndege. (Ndiyo, ni kazi. Mama yangu mzazi mpaka leo akiulizwa ninafanya nini anasema niko ofisini.) Hifadhi yetu usiifikirie kuwa na geti na mlinzi mwenye filimbi. Ni ziwa dogo lililobaki pale Mto Tana ulipogeuza njia miaka mingi iliyopita, upande mmoja matete, upande mwingine mikoma na migunga, na katikati maji ambayo kiangazi hunywea mpaka unaona mgongo wa kila kambare, kisha mvua ikinyesha yanajaa na ndege wanakuja kutoka wanakojua wao, mnandi, yangeyange, bata maji, wanajenga viota kwenye matete na kelele zao unazisikia ukiwa bado barabarani. Makubaliano ya kulitunza ni ya sisi kwa sisi tu. Kila msimu wa mvua wazee wa wafugaji wanakaa na kuamua upya kama mbuzi wataingia kwenye matete au watasubiri mpaka makinda waruke.

Na mzee ambaye wenzake humsubiri aongee kwanza ni Mzee Gedi, ambaye pia ni baba mkwe wangu.

Nikueleze kidogo kuhusu mimi na yeye. Ugomvi hatukuwa nao. Tulikuwa na heshima, tena nyingi sana, ile heshima ya kukwepana. Nikiingia sebuleni na chai, anakumbuka kuna ngamia anayetaka kuangaliwa. Mume wangu Yusuf yuko Mandera kwa biashara, kwa hiyo nyumbani tulibaki mimi, mama mkwe, na huyu mzee ambaye tangu niolewe hatukuwa tumezungumza zaidi ya salamu na dua. Jina langu sikuwahi kumsikia akilitaja. Kwake mimi nilikuwa "yule msichana". Kazi yangu hakuikataza wala kuisifu. Mara moja tu alimuuliza mama mkwe, mimi nikiwa jikoni nasikia, "Hawa ndege, wakishawaona, wanawafanya nini?" Mama mkwe akamwambia wanawaangalia tu. Mzee akasema, "Haye," yaani sawa. Hiyo haye ilikuwa na mambo mengi ndani yake.

Sasa siku yenyewe. Mkutano wa wazee ulipangwa baada ya swala ya adhuhuri, palepale hifadhini, kwenye banda la mabati lililo juu ya kilima kidogo. Asubuhi yake nilikuwa na wageni kutoka Nairobi, kikundi cha watu wazima wanaopenda ndege, na mpango wangu ulikuwa wazee wawakute pale, wawaone kwa macho yao watu waliosafiri mwendo wote ule kuja kuona matete yetu yakiwa hayajaliwa. Mzee Gedi akisema ndiyo, msimu umeokoka. Akinyamaza tu, mbuzi wanaingia kesho yake, na wewe unajua mbuzi akiingia mahali anatoka na nini.

Mvua ilianza alfajiri ikanyesha kwa hasira, halafu ikapungua ikawa manyunyu ya kung'ang'ania, yale ambayo hayakuloweshi kwa mara moja ila baada ya muda unakuta hata soksi zimelowa. Korongo la maji kwenye njia ya nyumbani lilikuwa limejaa, barabara imekatika. Mimi nilikuwa nimevuka mapema na gari la wageni, nikamshukuru Mungu, nikasahau kabisa kujiuliza wazee watapitia wapi.

Kati ya wageni hao, wawili unahitaji kuwajua. Mmoja ni Bwana Mutiso, mstaafu mpole mwenye kamera yenye lenzi ndefu kama mkono wa mtu, ameivalisha mfuko isilowe, yeye mwenyewe analowa. Mwingine ni Wambui, mwalimu kijana, mara yake ya kwanza kuja kuangalia ndege, na alikuja bila darubini. Nikampa yangu. Hilo halikuwa kosa, ulikuwa ukarimu.

Kosa lilikuwa miwani. Navaa miwani tangu sekondari, na bila miwani naona rangi na umbo tu, sura sioni. Manyunyu yakawa yanaifunika, naifuta kwa ncha ya hijabu, inafunikwa tena, naifuta, inabaki na ukungu kama dirisha la jikoni, mpaka nikachoka nikaivua nikaitia kwenye mkoba, nikajiambia njia naijua na ndege nawajua kwa sauti zao. Ni jambo dogo kiasi hicho.

Tukatembea kimyakimya kandokando ya maji, na nakwambia ilikuwa asubuhi nzuri. Anga ilikuwa ya kijivu, maji ya kijivu, harufu ya udongo uliokunywa baada ya kiu ya miezi. Tukafika kwenye kona ambapo matete yanaachia uwazi, nikatazama ng'ambo, nikamwona.

Ngoja nieleze nilidhani nimemwona nani. Kulastara wako wengi, wale wa kijivu wenye shingo ndefu wanaosimama majini kuvizia samaki tunawaona kila siku. Lakini yuko mmoja mkubwa kuliko wote, anamfika mtu mzima kifuani, mwili rangi ya jivu, kichwa na shingo rangi ya kutu, na huyo kwetu haji ovyo. Ng'ambo ya maji, ndani ya matete, kulikuwa na umbo refu la kijivu, juu yake kichwa cha rangi ya kutu, chini yake mguu mmoja mwembamba mweusi ndani ya maji. Mguu wa pili ulikuwa umekunjwa juu. Nusura nilie kwa furaha.

Nikainua mkono. Wote wakachuchumaa kwenye tope. Nikanong'ona, "Kulastara mkubwa. Msikohoe."

Bwana Mutiso akaanza kupiga picha, kamera ikilia taratibu kama mtu anayetafuna karanga. Wambui akainua darubini yangu, ambayo wakati huo ilikuwa imejaa maji ya mvua kwenye vioo, akasema anaona kitu kikubwa cha kijivu. Nikasema ndiye. Na kwa sababu nilitaka wafaidi, nikaanza kuwaeleza, kwa sauti ambayo mimi niliiona ni ya chini (maji yakitulia hubeba sauti mbali sana, hilo nalijua na huwa nawaambia wageni kila mara).

"Huyu ni mzee," nikasema. "Angalieni miguu ilivyokonda. Akishazeeka hivi hakai na wenzake. Ana hasira, hana rafiki, mwingine akikaribia anamfukuza. Kazi yake ni kusimama. Anaweza kusimama hivyo asubuhi nzima hafanyi chochote, anasubiri tu chakula kipite mbele yake."

"Ana mke?" Bwana Mutiso akauliza, jicho kwenye kamera.

"Anaye. Lakini yeye analeta vijiti tu, kiota anajenga mke."

"Mbona kama anatetemeka?" akauliza Wambui.

"Baridi," nikasema. "Si nimewaambia ni mzee."

Wakacheka kimyakimya, nami nikajisikia hodari, na mtu akishajisikia hodari haachi mambo yalipo. Nikawaambia tusogee. Tukasogea kwa kuchuchumaa, mimi mbele, wao nyuma yangu kama vifaranga vya bata, tope linaingia kwenye viatu, tukifuata ukingo mpaka tukakaribia kiasi kwamba ndege yeyote mwenye akili angekuwa ameshaenda zake. Huyu hakwenda. Alizidi kukakamaa. Nikawaambia bahati kama hii haiji mara mbili.

Wambui alikuwa amefuta vioo vya darubini. Akatazama kwa muda, akaishusha, akatazama tena. Akanisogelea sikioni, kwa adabu kabisa.

"Dada Fardosa, samahani. Hawa huwa wanavaa saa?"

Sikumwelewa. Bwana Mutiso naye akaacha kupiga picha, akageuza kamera, akakuza ile picha kwenye kioo cha nyuma, akaitazama. Kisha akasema taratibu, kama daktari anayetoa majibu mabaya, "Ana saa. Na amebeba mfuko kwapani."

Nikaitafuta miwani kwenye mkoba. Mikono ilikuwa imejaa tope, nikaivaa hivyohivyo, na kupitia sehemu ndogo isiyokuwa na tope nikamwona Mzee Gedi. Alikuwa amejifunika blanketi la kijivu, ndevu na nywele zake zikiwa na ile hina anayopaka kila mwezi, macawis yake, yaani kikoi, na shati la mkutano vimo ndani ya mfuko visilowe, na chini ya blanketi amevaa bukta tu. Mguu mmoja ameushika kwa mkono kwa sababu ulikuwa na mwiba. Alikuwa ananitazama moja kwa moja, na ilikuwa dhahiri kwamba amenitazama hivyo tangu neno la kwanza.

"Fardosa," akasema.

Kumbe jina langu alikuwa analijua.

"Naam, adeer," nikajibu, kama tunavyowaita wazee wetu.

Sasa hapo, kama ningekuwa na akili, ningewageuza wageni tukaondoka polepole. Nikasimama haraka ili niwakinge kwa mwili wangu wasimwone (mwili wangu mmoja na kikundi kizima), mguu ukateleza, nikamshika Bwana Mutiso, yeye akainua kamera juu kuiokoa badala ya kujiokoa mwenyewe, tukaketi wote wawili majini kwa kishindo. Ndege wote waliokuwa ndani ya matete wakaruka kwa pamoja, anga ikajaa, kelele usiseme. Na Mzee Gedi, ambaye pamoja na yote ni mtu mwema, alipoona mkwe wake amezama kwenye maji akapiga hatua kuja kunisaidia. Akaja yeye, blanketi likabaki limenaswa kwenye matete.

Bukta yenyewe ilikuwa ya mpira wa miguu, ya Yusuf, nyekundu, yenye namba nyuma. Niliitambua kwa sababu mimi ndiye huwa naifua.

Ningeweza kusema aibu iliishia kati yetu, ila nilipogeuka nikaona kule juu kwenye banda la mabati wazee wengine walikuwa wamefika mapema kwa kuogopa mvua. Walikuwa wamesimama mstari mmoja, vikombe vya chai mkononi, wakitutazama. Hakuna aliyekuwa anakunywa.

Nilitaka kwenda nyumbani. Wallahi nilitaka kwenda hata Mandera kwa miguu. Lakini mkutano ulikuwa unahitaji mtu wa kutafsiri, kwa sababu wazee huongea Kisomali na wageni hawakijui, na mtu huyo nilikuwa mimi. Kwa hiyo nikajifuta tope nililoweza kulifuta, nikajitanda shuka ya mtu, nikaketi pembeni ya jiko la chai nikitazama miguu yangu. Wazee wakaswali. Baadaye Mzee Gedi akaja, amevaa macawis kavu, shati jeupe, kofia, fimbo mkononi, anachechemea kidogo. Akaketi mahali pake. Wenzake walikuwa hawatazamani, maana wangetazamana wasingeweza kujizuia.

Akasema yeye ndiye atakayeanza. Akaongea Kisomali, sentensi chache, akasubiri nitafsiri.

"Anasema," nikaanza, "alitoka nyumbani mapema kwa ajili ya mkutano huu. Barabara imekatika, kwa hiyo akapita kwenye maji. Akachomwa mwiba. Akasikia watu wanakuja naye hajavaa vizuri, akaona asimame tu, watapita."

Akaendelea. Nikatafsiri, "Anasema hawakupita."

Akaendelea tena, safari hii kwa kirefu. Nikasema, "Anasema alisikia wageni wakielezwa mambo mbalimbali."

Mzee Gedi anakielewa Kiswahili vizuri kuliko watu wanavyodhani. Akanigeukia, akasema kwa Kiswahili, bila kupandisha sauti, "Hiyo ya rafiki umeruka."

Basi nikasema yote. Ilibidi. Mbele ya wazee wa ukoo wa mume wangu na wageni wa Nairobi nikatamka neno kwa neno, "Anasema alimsikia mkwe wake akiwaambia kwamba yeye ni mzee, amekonda miguu, ana hasira, hana rafiki, anasimama asubuhi nzima hafanyi chochote, na kwamba kiota amejengewa na mkewe. Anasema hayo yote amesamehe. Na kuhusu kusubiri chakula kipite mbele yake, anasema hana la kujitetea."

Mzee mmoja akashindwa kujizuia, chai ikamtoka puani, na hapo banda zima likacheka, wageni nao, hata Wambui ambaye alikuwa amejificha nyuma ya mtandio wake. Mimi sikucheka. Mzee Gedi pia hakucheka, alisubiri watulie.

Halafu akasema lile ambalo sikulitarajia. Akasema nilitafsiri sawasawa, kwa hiyo nitafsiri na hili. Alipokuwa pale majini, mwiba ulikuwa umeingia kidogo tu na angeweza kuutoa mara moja, ila alishindwa kwa sababu ya macho ya watu. Hakuweza kuinama, kukaa, wala kuondoka. "Na huyo ndege mwenye mayai ndani ya matete," akasema, "mnamfanyia hivyohivyo kila mnapokuja. Leo mmewarusha wote, mayai yamebaki kwenye mvua. Mbuzi wasiingie mpaka makinda waruke." Nikaanza kushusha pumzi. Akaelekeza fimbo upande wangu. "Na huyu pia asiingie. Wageni wake wakae hapa juu, waangalie kwa hayo macho yao marefu."

Nikatafsiri huku naona kazi yangu ya msimu mzima ikiteremka kilima pamoja na maji ya mvua. Nilikuwa nimetaka mbuzi wazuiwe, sikuwa nimefikiria kwamba nami nitazuiwa pamoja nao. Lakini kelele za wale ndege walivyoruka zilikuwa bado masikioni mwangu. Wazee wakaitikia, wageni wakaitikia, nami nikaitikia kwa lugha zote mbili.

Kabla ya kuondoka, mzee akamwendea Bwana Mutiso. "Bicha," akamwambia. "Nataka kuona." Bwana Mutiso akamwonyesha. Mzee akaitazama kwa muda mrefu, akiisogeza karibu na mbali, akasema, "Shingo si yangu." Kisha akasema, "Futa," na ikafutwa mbele yake. (Mwezi haukuisha akamtuma mama mkwe aniulize, kwa siri, kama picha iliyofutwa inaweza kurudishwa, kwa sababu kuna watu mjini hawaamini alifanana na ndege.)

Yusuf nilimpigia simu jioni hiyo nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. Alicheka mpaka mtandao ukakatika, akapiga tena akacheka upya, swali lake la pekee likiwa kwa nini baba yake alikuwa na bukta yake.

Msimu ule wageni walikaa bandani. Baadhi walilalamika kwamba wako mbali, wengine hawakurudi, na mimi nililalamika moyoni kuliko wao wote. Lakini matete yalibaki marefu, na makinda walipoanza kujaribu mabawa tulikuwa tunawaona kutoka kule juu wakianguka na kuinuka, wala hawakujua kama tupo. Nyumbani nako kumebadilika. Nikiingia na chai siku hizi, mzee hakumbuki tena ngamia. Anapokea kikombe, anasema, "Chakula kimepita," nami natazama chini, naye anaendelea kunywa kama mtu ambaye hajasema kitu.

Nikikwambia kwamba nimeacha kazi hii nitakuwa nakudanganya, bado naipenda. Lakini kuna jambo nimejiapiza. Kabla sijainua darubini kuelekea kwenye matete yoyote, hata nikiwa na mgeni aliyesafiri usiku kucha, nasimama wima na kupaza sauti, "Assalamu alaykum," halafu nasubiri kama kuna atakayeitikia. Nje ya msimu wa mayai, ndege wakiruka, waruke. Wageni huniuliza kama hiyo ni mila ya huku, nami nawajibu kwamba ndiyo, ni mila.